Uzi maalumu: "Fall back" na ndugu zake (back down, back off, back out) – kurudi nyuma kwa Kiingereza si kitu kimoja

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Miaka kadhaa nyuma nilipewa barua ya Kiingereza niitafsiri kwa ajili ya kikao. Ndani yake kulikuwa na sentensi fupi: "The second partner backed out in June." Nikaandika: "Mshirika wa pili aliunga mkono mwezi Juni." Nilijua kwamba "to back somebody" ni kumuunga mtu mkono, nikaona hapo hakuna kazi, nikapita. Kikao kikatumia zaidi ya saa nzima kupanga mambo na mshirika ambaye alikuwa ameshajitoa. Mzee aliyekuwa mwenyekiti alinisahihisha kwa upole, mbele ya watu wote, na tangu siku ile nina daftari ninamoandika vitenzi vya Kiingereza vya kurudi nyuma. Leo nalifungua hapa, kwa sababu naona makosa yale yale yanarudiwa na vijana wenye vyeti vizuri kuliko vyangu.

Nitakiweka katikati kitenzi kimoja, "fall back", halafu wengine waje kukizunguka.

Kwanza tuelewane jinsi ya kuvisoma vitenzi hivi. Sisi kwenye Kiswahili tunabadilisha maana kwa mkia wa kitenzi. Anguka, angusha, angukia. Rudi, rudia, rudisha, rudiana. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayechanganya "wamerudi" na "wamerudiana", ingawa mzizi ni ule ule. Kiingereza nacho kina mkia, ila kimeuacha nje, unasimama peke yake kama neno dogo: back, down, off, out, on. Tatizo letu ni kwamba tukiliona lile neno dogo limesimama peke yake tunalihesabu kama pambo. Tunatafsiri mwili, mkia tunautupa. Ukimfundisha mgeni Kiswahili akakwambia "rudi" na "rudiana" ni kitu kimoja, utamsahihisha hapo hapo. Basi na sisi tujisahihishe.

Sasa angalia kwa makini. Katika "fall back", mwili ni fall na mkia ni back. Lakini katika "back down", "back off" na "back out", back ndiyo imekuwa mwili, na mkia ni down, off, out. Yaani neno lile lile limehama kutoka nyuma kwenda mbele. Ndiyo maana mtu akikariri kwamba "back ni nyuma" bado hajapata kitu.

Tuanze na uwanja ambako "fall back" hutumika kwa uwazi zaidi, yaani vita.

Jeshi likisemwa "fell back", maana yake limeacha pale lilipokuwa na kwenda mahali pengine nyuma, mara nyingi kwa amri, ili lijipange upya. Halijatawanyika. Halijaweka silaha chini. Mfano ninaoupenda ni Urusi mwaka 1812. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alivuka mto Niemen, mpakani mwa Urusi, tarehe 24 Juni akiwa na jeshi kubwa kuliko lililowahi kuonekana Ulaya hadi wakati huo. Warusi chini ya Barclay de Tolly hawakukubali kupigana vita moja ya kumaliza mambo. Walirudi nyuma, wakapigana Smolensk mwezi Agosti, wakarudi tena. Kutuzov akashika uongozi, wakapigana Borodino tarehe 7 Septemba, mauaji makubwa, wakarudi tena, safari hii wakapita Moscow yenyewe na kuiacha. Wafaransa wakaingia mjini tarehe 14 Septemba. Napoleon akakaa wiki tano akisubiri Mfalme Alexander aombe amani, na ombi halikuja. Tarehe 19 Oktoba akaanza kuondoka, na safari ile ya kurudi ikaliangamiza jeshi lake kwa njaa, baridi na mashambulizi ya njiani.

Kwa miezi ile ya kwanza Mwingereza atasema: "The Russians fell back towards Moscow." Jeshi la Ufaransa kuanzia Oktoba ataliita "the retreat from Moscow". Neno retreat ni pana, linabeba kurudi kwa aina zote, hata kule kwa aibu. "Fall back" lina picha finyu zaidi: kuna mahali ninapoelekea, na nikifika nitasimama.

Hapo ndipo penye kiini cha kitenzi hiki. "Fall back" ina pa kufikia. Nyuma yako kuna mto, kilima, handaki, mstari wa pili. Ukishalishika hilo, maana nyingine zote zitakuja zenyewe, hata zile zisizo na bunduki.

Kwa mfano "fall back on". Ongeza "on" na uwanja wa vita unageuka kuwa maisha ya kila siku. "She had her savings to fall back on." Alikuwa na akiba ya kukimbilia. "When the new method failed, they fell back on the old one." Mbinu mpya iliposhindikana, wakairejea ile ya zamani. Na ile sentensi inayosikika sana, "I have nothing to fall back on", Kiswahili chake nadhani tunacho tayari, kizuri kabisa: *sina pa kushika*, au *sina pa kukimbilia*. Angalia hiyo "pa". Kiswahili kimeona kile kile Kiingereza ilichokiona, kwamba hapa kinachozungumziwa ni mahali.

Tahadhari moja kabla sijapumzika. Usitafsiri "fall back on" kuwa kuangukia. Kwetu kumwangukia mtu ni kumwomba radhi au kumsihi, wakati mwingine hadi magotini. Na Kiingereza nacho, ukiondoa "back" ukabakiza "fall on", kinakwenda kwingine kabisa: "They fell on the enemy" ni kuwavamia. Neno dogo moja limeondoka, na aliyekuwa anarudi nyuma sasa ndiye anayeshambulia.

Naendelea chini. Ulizeni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu shukrani, nimeweka kambi. Swali: naweza kusema "The commander fell back his soldiers"? Nimewahi kuliandika hivyo kwenye insha, likawekewa mstari mwekundu bila maelezo.

Mleta uzi

Mstari ulikuwa wa haki, ila maelezo ulistahili.

"Fall back" haipokei mtendwa. Ni kama "anguka": huwezi kusema "nimeanguka kikombe", utasema "nimeangusha". Kiswahili kinakupa -sha. Kiingereza hakina -sha, kwa hiyo kinabadilisha mwili wa kitenzi: "The commander pulled his soldiers back." Askari *fall back*, kamanda *pulls them back*. Au useme aliwaamuru: "He ordered them to fall back."

Kwa hiyo ukiona "pull back" na "fall back" katika habari moja, mara nyingi tukio ni moja. Kilichobadilika ni nani amewekwa mbele ya sentensi. Tena "pull back" inaweza kusimama bila mtendwa, "The troops pulled back", na hapo zinakaribiana sana.

Kwa kuwa haipokei mtendwa, usijaribu kuigeuza iwe ya kutendwa. "The soldiers were fallen back" si Kiingereza.

Na wakati uliopita ni fell, kisha have fallen. Nimesoma "felt back" mara nyingi. "Felt" ni ya feel, kuhisi. Nimesoma pia "felled back". "Felled" ni kukata mti ukaanguka, kitenzi kingine. Fall, fell, fallen. Iandike mahali unapoiona kila siku.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuingilia kati kwa heshima. Mimi naona tunapamba. Kurudi nyuma ni kushindwa. Akiwa na pa kufikia au hana, aliyerudi amerudi kwa sababu amezidiwa nguvu. Kwa nini tusiseme "fall back" na "back down" ni kitu kimoja, mwanafunzi akapumzika?

Mleta uzi

Mkuu, naheshimu hoja, lakini hapa nitasimama, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Aliye-"fall back" amebadilisha *mahali*. Aliye-"back down" amebadilisha *msimamo*. Wa kwanza anaweza kuendelea kudai kile kile alichokuwa anakidai, ila sasa anakidai akiwa ng'ambo ya mto. Wa pili anaweza asisogee hata hatua moja, amekaa kwenye kiti kile kile, lakini dai lake ameliacha au amelipunguza mbele ya mtu aliyekuwa anashindana naye.

Kwa hiyo "back down" inahitaji mtu upande wa pili. Kuna mvutano, kuna macho yanayotazamana, halafu mmoja analegeza. Kiswahili chake ni *kulegeza msimamo*. Kikiwa kikali zaidi ni *kunywea* au *kusalimu amri*. Na mwandishi akitaka kudharau atasema *kufyata mkia*. Hayo matatu ya mwisho yana uzito wa aibu ambao Kiingereza hakiutaji waziwazi, ingawa harufu yake ipo. Mfasiri achague kwa uangalifu. "The minister backed down" kwenye habari ya kawaida, mimi ningeandika "Waziri alegeza msimamo". Nikiandika "afyata mkia" nimeongeza maoni yangu ambayo mwandishi wa kwanza hakuyaweka.

Mfano wa historia: mgogoro wa makombora ya Kuba, Oktoba 1962. Kwa siku 13 Marekani na Umoja wa Kisovieti walikuwa wamekaziana macho. Tarehe 28 Oktoba Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, akatangaza kwamba makombora ya nchi yake yataondolewa Kuba, na magazeti mengi ya Magharibi yakaliona hilo kuwa Khrushchev "backed down". Lakini Kennedy, rais wa Marekani, naye alikuwa ameahidi kutoivamia Kuba, na kwa siri akakubali kuondoa makombora ya Marekani aina ya Jupiter yaliyokuwa Uturuki. Yakaondolewa mwaka uliofuata. Sehemu hiyo ya siri ilipokuja kujulikana, wanahistoria wakawa na sababu ya kuuliza upya nani hasa aliye-"back down". Mnaona jinsi kitenzi kinavyobeba hukumu ndani yake? Sijaona aliyeandika kwamba Khrushchev "fell back". Kuandika hivyo kungebadilisha hadithi, ingekuwa ni mtu aliyesogea ili ajipange.

Kwa hiyo hapana, si kitu kimoja. Warusi wa 1812 walirudi nyuma mamia ya kilomita bila kulegeza dai lao hata kidogo.

Mchangiaji wa pili

Hilo la mahali na msimamo nimelipokea. Nilikuwa sijalitenganisha.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mtu wa kompyuta, nataka kuongezea, maana kwetu neno hili ni chakula cha kila siku.

Kwenye mitandao ya simu kuna kitu kinaitwa "circuit switched fallback". Mtandao wa 4G ulijengwa kwa ajili ya kusafirisha data. Simu za sauti za kawaida zilikuwa zinapita kwenye njia za 2G na 3G. Kwa hiyo kama simu yako au mtandao wako hautumii teknolojia ya kupitisha sauti ndani ya 4G, ukipigiwa simu, kifaa kinashuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G, unazungumza, ukikata kinapanda tena. Wengi mmeona alama ya mtandao ikibadilika juu ya kioo mnapopokea simu. Hiyo ndiyo fallback. Nguvu imepungua, lakini mawasiliano hayajakatika.

Hata herufi kwenye kurasa za wavuti zina utaratibu huu. Mtengenezaji anaorodhesha aina ya herufi anayoitaka, halafu ya pili, halafu ya tatu. Ya kwanza isipokuwepo kwenye kifaa cha msomaji, kivinjari "falls back to" inayofuata.

Mleta uzi amesema nyuma kuna pa kufikia. Naongeza: pa kufikia panaweza kuwa dhaifu, na adui akalijua hilo. Oktoba 2014 wataalamu wa Google walitangaza udhaifu uliopewa jina POODLE. Vivinjari vya wakati ule, vikishindwa kuunganishwa kwa njia salama mpya, vilikuwa vinajaribu tena kwa njia ya zamani zaidi, hadi SSL 3.0 ya mwaka 1996. Mshambuliaji aliyekaa katikati ya mawasiliano alivuruga makusudi ile njia mpya, kivinjari kikarudi kwenye ile ya zamani yenye kasoro, na hapo ndipo alipokuwa anakisubiri. Mwaka 2015 ikatolewa kanuni rasmi ya kuzuia kurudishwa nyuma kwa hila namna hiyo, na SSL 3.0 ikaachwa.

Mleta uzi, swali langu ni la uandishi. Ni "fall back", "fall-back" au "fallback"?

Mleta uzi

Mkuu, huo mfano wa POODLE nauingiza kwenye daftari leo leo. Umeonyesha kitu ambacho mimi nilikuwa nimekiacha, kwamba pale pa kurudia huchaguliwa mapema, kabla ya shida kutokea.

Kuhusu uandishi: kitenzi ni maneno mawili, "fall back". Nomino au kivumishi ni neno moja, "fallback": "We need a fallback." "This is our fallback plan." Ile yenye kistari utaiona pia, hasa kwenye maandishi ya zamani, na si kosa, lakini neno moja ndilo limeenea sasa.

Ila uandishi ni nusu tu. Sikiliza sauti. Kwenye kitenzi mkazo unaangukia mkia: fall BACK. Kwenye nomino mkazo unahamia mwanzo: FALLback. Ndivyo ilivyo hata kwa "break down" na "breakdown". Sisi tumelelewa na lugha ambayo mkazo wake umekaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, haututumii ujumbe wa nomino au kitenzi, kwa hiyo sikio letu halina mazoea ya kuutafuta. Mtu akisema FALLback haraka, tafuta jina la kitu. Kiswahili chake mara nyingi ni *mpango wa akiba* au *njia ya akiba*. "Mpango mbadala" unafaa pia, ila mbadala unaweza kuwa sawa kwa sawa na ule wa kwanza, wakati fallback kwa kawaida ni kile ambacho hukukitaka kwanza.

Kwenye majadiliano ya mikataba kuna "fallback position": umeomba kumi, moyoni umeshajua kwamba wakikataa utakubali saba. Hiyo saba ndiyo. Kuifikia si kusalimu amri kama uliipanga kabla hujaingia chumbani.

Na umeuliza vizuri bila kuuliza: ninyi mnasema "fall back to", watu wengine wanasema "fall back on". Mwelekeo ninaouona ni huu. "To" inataja mahali au hatua unayoshukia: to the river, to fifth place, to 3G. "On" inataja kitu cha kuegemea: on savings, on experience, on the old method. Katika maandishi ya kiufundi mipaka inavukwa, sitagombana na mtu.

Mchangiaji wa nne

Habari zenu. Mimi nimekutana na "The price fell back". Hapo nako kuna pa kufikia? Na lile la saa, "spring forward, fall back", mbona halina vita wala akiba?

Mleta uzi

Dada, maswali mawili mazuri.

La bei. "The price fell" ni bei imeshuka, basi. "The price fell back" inakwambia jambo la ziada, kwamba ilikuwa imepanda kwanza. "Shares rose in the morning and then fell back." Hisa zilipanda asubuhi kisha zikashuka *tena*, zikarudi kuelekea zilikokuwa. Mkia umebeba historia nzima ya asubuhi. Ukitafsiri "zikashuka" peke yake umemnyima msomaji habari. Ongeza "tena" au "zikarudi chini".

Karibu na hiyo kuna "fall back into": "He fell back into his old habits." Amerudia tabia zake za zamani. Hapa -ia yetu ya *rudia* inafanya kazi safi kuliko maneno matatu ya Kiingereza.

La saa ni mchezo wa maneno wa Wamarekani. Nchi zinazobadilisha saa kufuata majira husogeza saa mbele masika yao yanapoanza na kuirudisha nyuma kabla ya baridi. Marekani, tangu 2007, ni Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sasa "spring" ni majira ya machipuko na pia ni kuruka. "Fall" kwa Mmarekani ni majira ya majani kupukutika na pia ni kuanguka. Kwa hiyo "spring forward, fall back" ni kikumbusho chenye maana mbili kila upande. Mwingereza majira hayo huyaita autumn, kwa hiyo kwake nusu ya mchezo haifanyi kazi, ingawa kikumbusho anakijua. Usikitafsiri neno kwa neno. Sema saa inarudishwa nyuma.

Kuna nyingine ndogo nizipitie haraka. Umati ukisogea kupisha gari la wagonjwa: "The crowd fell back." Mkimbiaji aliyekuwa mbele akipitwa: "She fell back to fifth." Hapo watu huchanganya na "fall behind". Huyo wa "fall behind" ameachwa, au amechelewa na ratiba, au amelimbikiza malipo: "He fell behind with the rent" ni kodi imemlemea, hajailipa kwa wakati. Huwezi kusema "fell back with the rent".

Mchangiaji wa tano

Umeahidi back off na back out, mkuu. Tusije tukafunga uzi bila hizo.

Mleta uzi

Sijasahau, hasa back out iliyoniumbua.

Back out ina ahadi. Ulikubali, sasa hutaki tena, unajitoa. "He backed out of the deal." Amejitoa kwenye makubaliano, ameghairi. Bila makubaliano ya awali haiwezekani ku-back out, isipokuwa unaendesha gari kinyumenyume kutoka gereji, ambayo ni maana yake ya kimwili.

Back off ina umbali. Unamkaribia mtu mno, kwa mwili au kwa maneno, naye anakwambia "Back off!" Usinisogelee, nipe nafasi. Mzazi anayemkalia kijana kooni kuhusu masomo anaweza kushauriwa "back off a little", apunguze kidogo. Hajaacha msimamo wake, amepunguza shinikizo. Wataalamu wa mitandao wanalo pia: kwenye Ethernet ya asili, yaani mtandao wa kompyuta wa kutumia waya, vifaa viwili vikituma kwa pamoja ujumbe ukagongana, kila kimoja kinasubiri muda wa kubahatisha kabla ya kujaribu tena, na ukigongana tena upana wa muda huo unaongezeka maradufu, mwisho baada ya majaribio 16 kinaacha. Jina la utaratibu huo lina "backoff" ndani yake. Kusogea kidogo ili mwenzako apite.

Back up nayo ichunguzwe, maana ina sura ya ndugu lakini mara nyingi haiko kwenye ukoo huu: ni kuunga mkono, au kuweka nakala ya akiba. Inarudi nyuma hasa kwa Mmarekani akiwa kwenye gari.

Withdraw ni rasmi: jeshi, mgombea, kauli, fedha benki. Retreat ikiwa nomino inaweza pia kuwa yale wanayoyaita *mafungo*, watu kujitenga kwa sala na tafakari, kwa hiyo ukiona "She is on a retreat" usiandike kwamba amekimbia.

Mchangiaji wa kwanza

Naomba nijipime, unisahihishe.

1. When the bridge was lost, we fell back to the hill.
2. He promised to come but he backed down.
3. My experience is the only thing I can fall back.
4. They fell back, but they did not back down.

Mleta uzi

Ya kwanza safi.

Ya pili, kulikuwa na ahadi, si mvutano. "He backed out." Ungekuwa umesema alitishia kuja, mtu mwingine akamzuia kwa maneno, hapo "down" ingeingia.

Ya tatu umeuacha mkia wa mwisho: "…I can fall back on." Najua linavyotuudhi neno kubaki mwishoni likiwa limening'inia, lakini ukiliondoa, uzoefu wako hauna pa kushikwa. Sisi tungesema "ndicho ninachoweza kukikimbilia", na ile -ki- ndiyo inayofanya kazi ya kushika.

Ya nne ni nzuri kuliko zote, na umeitunga mwenyewe. Hebu itafsiri.

Mchangiaji wa kwanza

"Walirudi nyuma, lakini hawakurudi nyuma"? Nimekwama.

Mchangiaji wa pili

Niruhusuni, maana mimi ndiye niliyebisha. "Walisogea hadi mstari wa pili, lakini msimamo wao haukulegea."

Mleta uzi

Mkuu, ningebakisha hivyo hivyo. Labda kama sentensi iliyotangulia imetaja kilima, weka "walirudi hadi kilimani" badala ya mstari wa pili.